Mazungumzo ya Jamaa: Feza ya karieri inajenga nini?

Mwezi huu tuongee juu ya ile feza ambayo kijana anaituma nyumbani.

Mama mmoja wa hapa Nyabiondo alinijia na simu mkononi. Mtoto wake anachimba upande wa Walikale, na kila akipata kitu anatuma. Sasa amekasirika: « Mama, feza yangu mulifanya nayo nini? » Mama naye analia: « Muchungaji, sikuikula peke yangu. Ilikuwa chumvi, dawa, minerivali ya wadogo wake. Sasa nitamuonyesha nini? »

Wote wawili wana haki. Zamani feza hiyo ilibebwa mfukoni mwa rafiki, na pengine ilipotelea njiani. Tangu M-Pesa ilipofika Kongo mwaka 2012, inaingia katika simu kwa dakika moja. Lakini kazi yake ni ileile: inalisha, inatibu, inasomesha. Huko si kuharibu.

Nchi nyingine zinategemea sana feza kama hiyo. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma kwao karibu dola miliari 5, kupita feza ambayo Kenya inapata kwa kuuza majani ya chai. Mvua ikikosekana kule Kenya, Mkenya aliye Marekani bado anapata mshahara wake, naye anasaidia. Kwetu sivyo. Shimo na shamba viko katika nchi moja, na taabu moja inavipiga pamoja.

Tukumbuke. Bei ya koltani ilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2000. Mwaka 2001 ikaanguka. Kasiteriti ya Bisie ilivumbuliwa mwaka 2002, maelfu ya vijana wakakimbilia msituni. Septemba 2010 Serikali ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Januari 2025 vita ilipofika Goma, banki zikafungwa. Feza ya karieri inakatika siku ileile jamaa inapoihitaji zaidi.

Tena kuna jambo la pili. Mikono ikitoka shambani, maharagi yanapungua. Feza ikiingia sokoni, bei inapanda. Mwenye mtoto karieri ananunua, mjane asiye na mtu huko anakosa. Na dola ikinunua radio, kesho imekwisha kupanda kamyo kurudi Goma na kuvuka mpaka. Ikinunua mbuzi kwa jirani, au ikimlipa mtu wa kulima, inazunguka kwanza hapa kwetu.

Yosefu alikuwa mgeni Misri, akawatumia watu wa kwao punda waliobeba chakula. Aliweza kwa sababu aliweka akiba katika miaka ya shibe.

Basi, kijana, usitume feza tu. Tuma na neno: hii ya chakula, hii ya masomo, hii ya kuweka. Mama, andika katika kaye kilichoingia na kilichotoka, umsomee kwa simu. Sehemu ya kuweka, hata ikiwa ndogo, iingie likelemba au igeuke mbuzi na jembe. Mutaniambia: « Muchungaji, vita inakula mbuzi. » Ni kweli, tumeona. Kwa hiyo musiweke yote mahali pamoja. Mtoto mmoja afundishwe kushona, mwingine useremala. Ufundi hauporwi, mtu anakimbia nao.

Yule mama tulikaa naye, tukaandika yote aliyokumbuka. Ukurasa ukajaa. Tulipomsomea mtoto wake kwa simu, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: « Mama, mudogo wangu amefika darasa la ngapi? »