Slivu Zibadilishwe, Si Ringi Pekee

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapo wenye trekta ambao injini ikianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, humwambia fundi eti atie ringi mpya tu. Mimi napinga! Trekta nyingi za Massey Ferguson 135, zilizoanza kuundwa mwaka wa 1964, zina injini ya Perkins yenye silinda 3. Slivu hulika zaidi upande wa juu. Hapo ringi mpya haishiki vyema, nguvu inavuja. Fundi apime kwanza. Ikiwa imelika kupita kiasi, slivu, pistoni na ringi zibadilishwe pamoja. La sivyo, mvua itanyesha trekta ikiwa juu ya mawe, na jamani, shamba lisilolimwa halilipi karo!