Mazabodi imekufa? Usitoe mshiko haraka!

Wiki hii tuache kidogo mambo ya mitoko, maana nyumbani kwetu kulikuwa na kasheshe.

Mdogo wangu wa kike ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Sinza, mtaji ni wa mama, hela ya upatu. Jumatatu umeme ukakatika, uliporudi ukaja na kishindo, kompyuta ikagoma kuwaka. Ndani yake mna utafiti wa binti mmoja wa chuo, kurasa tisini, unatakiwa Ijumaa! Fundi akafungua, akachungulia sekunde mbili, akatoa hukumu: "Sista, mazabodi imekufa, na kazi zako ndiyo basi tena."

Changa la macho hilo. Kazi hazikai kwenye mazabodi, zinakaa kwenye hadi diski, na mara nyingi diski inasalimika hata ubao ukiungua. Mazabodi ni kama stendi ya mabasi: wote wanapita pale, hakuna aliyehamia.

Nikamwita mshikaji wangu mmoja anayezijua hizi mambo. Yeye hakuanza na mazabodi. Alichomoa ile plagi pana ya pini 24, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ya pawa saplai ikazunguka. Akapima na mita: volti 12 zipo, 5 zipo, 3.3 zipo. Akatoa RAM, akarudisha moja moja. Kimya. Hapo ndipo tukakubali kwamba marehemu ni mazabodi kweli.

Safari ya Kariakoo. Prosesa yetu ni i5 ya mwaka 2012, soketi yake LGA1155. Muuzaji akatupa ya LGA1150, eti "ni ileile kaka, pini tano tu zimepungua." Pini tano! Vijino vya kukalia prosesa havilingani, na ukilazimisha unapinda pini ambazo ni nyembamba kama nywele, na ziko kwenye ubao wenyewe. Ndiyo maana ukinunua ya mtumba funua kifuniko cha soketi, mulika na tochi ya simu kabla hujahesabu noti. Na beba ile mbovu uende nayo, wala usione aibu. Mashine nyingi za mtumba za maofisini zina matundu ya skrubu na plagi za kwao wenyewe, za wengine haziingii. RAM nayo iangalie: DDR3 haikai kwenye nafasi ya DDR4.

Kufunga ni subira tu. Kabla ya kuchomoa chochote tulipiga picha, hasa vile viwaya vidogo vya swichi ya kuwashia, vinachanganya kuliko mambo ya wakwe. Vile vinguzo vya shaba chini ya ubao, kinachobaki bila tundu lake king'oe, kikigusa nyuma ya ubao ni shoti. Pasta ya prosesa punje ya mbaazi inatosha, jamani siyo siagi ya mkate!

Alhamisi saa mbili usiku tukabonyeza. Feni ikazunguka, mlio mmoja mfupi, Windows ikaja ikidai leseni upya, kwa kuwa ile iliyokuja na mashine ilifungwa na ubao wa zamani. Saa ikaonyesha Januari 2012, nikamtuma dogo dukani akanunue betri ya CR2032.

Kurasa tisini zote zilikuwepo. Binti wa chuo alilia, mdogo wangu akalia, mshikaji akaomba soda baridi. Mama yeye aliuliza kitu kimoja tu: marejesho ya upatu ya wiki hii yako wapi?