Kusifiwa na Kusomwa

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alibandika shairi lake katika ubao wa matangazo karibu na bwalo. Lilikuwa na beti sita, juu ya mvua iliyokawia. Siku ya kwanza watu walisimama wakasoma. Siku ya pili mtu akaandika chini yake kwa penseli, "Safi sana." Siku ya tatu likafunikwa na orodha ya zamu za usafi. Mimi nalala kitanda cha juu yake. Niliona kwamba ubeti wa nne ulishinda beti zote, na kwamba ubeti wa sita ulipungukiwa mizani, lakini sikumwambia neno. Nilidhani kunyamaza ni adabu. Tangu siku ile hajaandika tena.

Wako wasemao kwamba mtunzi wa kweli hahitaji kusifiwa. Atatunga hata akiwa peke yake porini. Mimi sikubali. Huku kwetu Usukumani mambo hayakuwa hivyo kamwe. Wazee wetu walikuwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na waanzilishi wake hutajwa kuwa Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19. Mavuno yakiisha, mwezi wa sita na wa saba, ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji hukimbilia ile inayowapendeza. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi manju hana budi kutunga nyimbo mpya, maana za mwaka jana mpinzani wake amekwisha kuzijua na kuzitafutia majibu. Ngoma hizo zingali zikichezwa hata leo, na mwenye nafasi aende Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, akajionee.

Lakini umati nao una udhaifu wake. Babu yangu mzaa mama husimulia kwamba mwaka mmoja manju mwenye maneno matamu aliachwa na watu watano tu, kwa sababu upande wa pili walileta chatu. (Babu mwenyewe alikwenda kumtazama chatu, nami simlaumu.) Umati humwambia mtunzi kwamba amependwa au hakupendwa. Haumwambii ni mstari gani uliochechemea. Jambo hilo hulisema mtunzi mwenzake.

Watunzi wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na washairi waliokaa mbali mbali walijibizana humo. Huyu aliuliza kwa shairi, yule alijibu kwa shairi. Na aliyekosea vina au mizani aliweza kuonywa mbele ya wasomaji wote. Nadhani wengine waliona haya. Lakini mtu aliyeonywa alijua angalau kwamba amesomwa mpaka mwisho, mstari kwa mstari, na hiyo si heshima ndogo.

Sifa kubwa, ile ya tuzo na vitabu, mara nyingi huja kwa kuchelewa. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru katika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Ulichapishwa kuwa kitabu mwaka 1967, naye alikuwa amefariki mwaka 1962. Siku hizi tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nasi twafurahi. Lakini kijana wa miaka kumi na saba hapa Ngokolo atafikaje huko, ikiwa hata jirani yake wa kitanda hamsomi?

Kwa hiyo natoa shauri kwa walimu na wanafunzi. Kila utungo utakaoletwa kwa ajili ya gazeti hili usomwe kwanza na wanafunzi wawili, nao waandike mambo mawili tu: mahali palipowapendeza, na mahali walipokwama. Majina yao waweke. Neno "safi sana" lisikubaliwe, kwa maana hata asiyesoma aweza kuliandika. Najua wako watakaotumia ruhusa hiyo kuwadhihaki wenzao, hasa wadogo wa kidato cha kwanza. Hao wanyang'anywe kalamu.

Mimi nimekwisha kuanza. Jumamosi nilimwomba mwenzangu radhi, nikamwambia habari za ubeti wa nne na wa sita. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini nilingoja muhula mzima. Sikuwa na jibu. Jana usiku, kabla taa hazijazimwa, alinipa karatasi yenye beti tatu mpya. Mstari mmoja una mizani kumi na tano, nami nimeuwekea alama.