Mchuuzi Mwungwana na Kiti cha Mbele



Mwaka 1670 Mfaransa Molière aliuonyesha mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne mchezo wa kuigiza juu ya mfanyabiashara aitwaye Jourdain. Mwaka 1961 A. Morrison aliutoa kwa Kiswahili kwa jina la Mchuuzi Mwungwana. Jina hilo lina uzito wa pekee huku pwani ya Kilwa na Lindi. Katika bandari iliyouza watu, kama ilivyokuwa Kilwa Kivinje katika karne ya 19, mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa wa mtu. Jourdain anataka kulinunua neno hilo kwa fedha.

Baba yake aliuza vitambaa, na mwana anaona aibu kwa hilo. Anawalipa walimu wa muziki, wa kucheza, wa upanga na wa falsafa ili wamfanye mkubwa. Fundi cherehani anamletea nguo ambayo maua yake yameelekea chini. Anapoambiwa kwamba ndivyo wavaavyo wakubwa, anaridhika. Vijana wa fundi wanampandisha cheo kwa maneno, na kila cheo kinawaletea bakshishi. Dorante, mtu wa ukoo wa heshima, anamkopa bila kulipa.

Ubinafsi wake unaonekana zaidi kwa bintiye. Kijana Cléonte anamposa, naye anaulizwa kama ni mwungwana wa ukoo. Anajibu kwa ukweli kwamba sivyo, na ananyimwa. Anaporudi amejifanya mwana wa Sultani wa Uturuki, anapewa mke mara moja. Ukweli umefukuzwa mlangoni, uongo umekaribishwa sebuleni.

Watazamaji humcheka Jourdain, na wana haki. Lakini sisi twasema kwamba mchezo huu unawahukumu zaidi wale wanaomzunguka. Waondoe walimu, fundi na Dorante, naye atabaki mtu mwenye mali na tamaa isiyo na wa kuilisha. Nyumbani mwake wapo wawili wasiokula kwa upumbavu wake: mkewe, anayemkumbusha kwamba baba zao wote wawili walikuwa wachuuzi, na mtumishi Nicole, anayeangua kicheko akiyaona mavazi yale.

Wakazi wa Kilangala na vijiji jirani wanamfahamu mtu wa namna hii bila kuingia katika ukumbi wa maigizo. Ni yule mnunuzi wa kangomba. Mkulima akibanwa na ugonjwa, msiba au njaa, humwendea na kuziuza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla ya msimu kufika. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzishwa mwaka 2007 kwa nia ya kumlinda mkulima, lakini kangomba haikufa. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi wauzaji wahakikiwe kwanza, maana walikuwapo wenye magunia mengi wasio na mkorosho hata mmoja.

Mtu huyo akishavuna asichopanda, hutafuta heshima. Anataka kuwa mgeni rasmi, anataka kuitwa mheshimiwa, anataka jina lake na kiasi chake vitangazwe siku ya harambee. Nani anampa? Jumuiya inayopokea bahasha yake kwa vigelegele, bila kuuliza korosho zile zilitoka shambani mwa nani, imechukua kazi ya yule fundi cherehani. Inamvika maua yaliyopinduka na kumwambia amependeza.

Wapo watakaouliza: Padre, paa la kigango litaezekwaje bila matajiri? Wapendwa, hatuwapigi vita wafanyabiashara. Bila mchuuzi mwaminifu, chumvi na mafuta ya taa havifiki kijijini. Tunachokataa ni kuuza heshima kwa mnada. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, alikwisha kukemea kumpa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwacha maskini amesimama. Na mjane wa Injili alitia sarafu mbili bila kutangazwa na mtu yeyote.

Basi yafaa mambo matatu. Michango isomwe kwa majina bila kutaja kiasi. Viti vya mbele wapewe wazee na wagonjwa. Na anayetaka kulitegemeza Kanisa kwa fedha ya kangomba, aanze kwa kumrudishia mkulima haki yake, kama Zakayo alivyofanya, kisha aje na sadaka.

Molière hakumpa Jourdain nafasi ya kuamka. Mchezo unakwisha angali anajivunia cheo cha uongo alichovishwa. Jirani yetu tajiri yu hai, na anaweza kuambiwa ukweli leo. Wahenga walinena: mwungwana ni kitendo. Anayempenda amwambie hivyo, hata kama harambee itapungua.