Mlango wa Vijana: Kuchonga Jani na Kulipiga Chapa

Wazazi wengi wamwonapo kijana wao akichora huingiwa na shaka: je, kazi hii yamfaa Mwislamu? Shaka hiyo ina asili, kwani ziko Hadithi zikatazazo picha za viumbe wenye roho. Lakini imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi ya picha, hakumwacha mikono mitupu, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo u wazi, na mafundi wa milango ya Lamu na Unguja wameupita kwa maua na majani yao.

Leo twawapendekezea vijana kuchonga linoliamu, yaani lile zulia gumu la sakafuni alilolibuni Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860, kwa mafuta ya kitani na unga wa gome litengenezwalo vizibo. Wala chapa ya kalibu si ngeni kwetu: Waislamu wa Misri walichapa maandishi ya Kiarabu kwa njia hiyo karne nyingi kabla ya Gutenberg.

Chukua jani la mwarobaini, ulichore kwa penseli. Ifudikize karatasi juu ya linoliamu, usugue mgongoni hata mchoro uhamie. Usishangae ukigeuka; chapa itaurejesha. Kwa sababu hiyo hiyo, maandishi nayo huchongwa kinyume. Lianike linoliamu juani kidogo lilainike, kisha uchonge kwa patasi ndogo, ukisukuma makali mbali na mkono unaolishika. Palipochongwa patabaki peupe. Palipoachwa patashika wino. Paka wino kwa rola, tandika karatasi, usugue kwa mgongo wa kijiko.

Jani tulilolichemsha miaka yote kwa ajili ya homa ndipo tunapoliona: ubavu mmoja si sawa na wa pili, na kingo zake zina meno. Sura ya Al-Ghashiya yatuuliza kama hatutazami ngamia, mbingu, milima na ardhi. Jicho la haraka halina jibu. Patasi hulituliza, kwani kilichokwisha kuchongwa hakirudi.

Enyi wazazi, mpeni kijana pembe ya meza na saa moja baada ya Alasiri. Adhana ya Magharibi ikilia, patasi iwekwe chini.

Wabillahi taufiki.