Uvimbe wa ini Turkana: Sindano ipo, jicho je?

KWA vizazi kadhaa wanafunzi wa udaktari walifundishwa kanuni moja kuhusu uvimbe wa maji unaoletwa na tegu wa mbwa: usithubutu kuudunga sindano. Maji yake yakivuja tumboni, mgonjwa anaweza kupatwa na mzio mkali na kufa papo hapo, au vimelea vilivyomo visambae na kuzaa uvimbe mwingine. Tiba ilikuwa kisu.

Kanuni hiyo ilianza kulegea katika miaka ya 1980, na leo sindano iliyoogopwa imekuwa tiba. Kwa Mkenya hii si habari ya ng'ambo. Turkana ni miongoni mwa sehemu ambako ugonjwa huu wa haidatidi umewahi kurekodiwa kwa viwango vya juu zaidi duniani, na shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti huko mnamo 1983.

Mbwa akila ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ngamia aliyeambukizwa, tegu hukomaa utumboni mwake. Mnyoo huyo hafikishi hata sentimita moja, lakini mayai yake hutoka na kinyesi yakanata kwenye manyoya, vyombo na maji ya kunywa. Binadamu akiyameza, uvimbe huota polepole kwa miaka mingi, mara nyingi kwenye ini. Wengi hufika hospitalini tumbo likiwa limeshafura.

Tiba ya sindano, ijulikanayo kwa kifupi kama PAIR, ina hatua nne. Daktari huutoboa uvimbe huku akitazama njia ya sindano kwenye mashine ya ultrasaundi, kisha huyafyonza maji. Baadaye huingiza dawa ya kuua vimelea, ama maji ya chumvi kali ama alkoholi, husubiri dakika chache, kisha huifyonza tena. Mgonjwa hupigwa ganzi tu. Humeza vidonge vya albendazoli kabla ya kudungwa, na huendelea navyo kwa takriban mwezi mmoja baadaye.

Faida yake imepimwa. Mnamo 1997 madaktari wa Srinagar, Kashmir, walichapisha utafiti wa wagonjwa 50 waliogawanywa kwa kura baina ya sindano na upasuaji. Waliodungwa walilazwa kwa wastani wa siku nne. Waliopasuliwa walikaa karibu siku 13. Kwa mama aliyeacha mbuzi na watoto manyattani, tofauti hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa tiba hii mnamo 2001.

Hata hivyo, wanaoishangilia sindano husahau kwamba haifai kwa kila uvimbe. Ule uliojaa maji matupu hufyonzeka vyema. Ule uliozaa vivimbe vingine ndani yake, mithili ya komamanga na mbegu zake, haumaliziki kwa sindano ya kawaida, na mara nyingi kisu hubakia chaguo. Ulioganda na kukauka huweza kuachwa tu ukachunguzwa mara kwa mara, bila dawa wala kidonda. Aidha, maji yaliyofyonzwa yakionyesha dalili ya nyongo, daktari hana budi kusita: dawa ikipenya kwenye mifereji ya nyongo huiunguza, na madhara yake hayaponi.

Yote hayo huamuliwa na jicho linalosoma picha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kununua mashine ni kumaliza kazi. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mnamo 2013, tumezoea kuona viongozi wakikata utepe mbele ya vifaa vipya (picha hupendeza gazetini, nakiri). Ni nadra kumwona anayekata utepe kwa sababu mhudumu amefunzwa kutofautisha uvimbe wa kudunga na wa kuacha. Mashine pasipo mtu huyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwani itamtia mtu moyo wa kudunga asipostahili. Na chumba cha kudungia kisichokuwa na adrenalini, pamoja na mtu anayejua kuitumia mzio ukizuka, kisifunguliwe.

Kuhusu mbwa, dawa ya prazikwanteli humwondolea minyoo, lakini haimzuii kuambukizwa tena machinjioni kesho yake. Mashimo ya kufukia matumbo ni rahisi kuchimba. Kuyalinda ndiyo kazi.

Halafu kuna ufuatiliaji. Uvimbe uliodungwa hupaswa kupigwa picha tena na tena kwa miaka kadhaa, kwani unaweza kurudi. Mfugaji anayetibiwa Lodwar mwezi huu huenda mwezi ujao akawa karibu na mpaka wa Uganda au Sudan Kusini akifuata malisho, vidonge vyake vimekwisha, na kadi yake ya kliniki haina mtu wa kuisoma.