Igathe: Kutoka benki hadi debeni, na kura zilizomruka

POLYCARP Igathe aliingia katika kinyang'anyiro cha ugavana wa Nairobi mwaka wa 2022 akitoka Equity, benki iliyojijengea jina kwa kuwafungulia akaunti wachuuzi na vibarua. Kwa mitaa kama Kibera na Kawangware, hapo palikuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Hakuwa mgeni wa siasa. Agosti 2017 alichaguliwa kuwa naibu wa Gavana Mike Sonko, baada ya kuongoza kampuni ya mafuta ya Vivo Energy Kenya. Ndoa hiyo ilivunjika upesi. Januari 2018 alitangaza kujiuzulu, akisema ameshindwa kupata imani ya gavana, kisha akaenda benki. Wapo waliomsifu kwa kukataa cheo kisicho na kazi, na hawakukosea. Lakini mkazi wa Lindi au Gatina, ambaye hana benki ya kukimbilia mambo yakichacha, alikuwa na haki ya kuuliza: huyu atavumilia nini kwa ajili yetu? Bw Sonko naye alikaa bila naibu hadi alipong'olewa mamlakani Desemba 2020.

Aprili 2022, Tim Wanyonyi, mbunge wa Westlands aliyekuwa akiwania ugavana kupitia ODM, alitakiwa ampishe Bw Igathe wa Jubilee katika mgao wa muungano wa Azimio. Wapigakura hawakuulizwa. Benki huendeshwa hivyo: bodi huketi, huamua, na wafanyakazi hupokea waraka. Kawangware, ambako jamii ya Waluhya ina kura nyingi na wengi waliona zamu yao imeporwa, waraka huo ulipokelewa kwa manung'uniko. Johnson Sakaja, aliyekuwa seneta wa Nairobi, hakuchelewa kuokota kilichodondoshwa.

Agosti 9, hayati Raila Odinga alizoa zaidi ya kura 700,000 za urais jijini. Kibra ilimchagua Peter Orero kuwa mbunge, nayo Dagoretti Kaskazini, iliko Kawangware, ikamchagua Beatrice Elachi, wote wa ODM. Bw Igathe, mgombea wa muungano huo huo, alipata kura 573,516 dhidi ya 699,392 za Bw Sakaja wa UDA.

Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa fedha. Wapigakura wasiopungua laki moja wa Bw Odinga hawakumpa Bw Igathe kura ya ugavana. Mwenyewe alikubali kushindwa mapema na kumpongeza mshindi.